Gari la Kuvukia Runcu

Haralambie alizima injini mbele ya lango letu, lakini hakushuka. Alikaa ameshika usukani, akiwatazama kuku wetu kana kwamba hajawahi kuona kuku.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi naondoka."

"Unaenda wapi?"

"Italia, kwa mwanangu. Ameshanikatia tiketi."

"Unaenda kutembea?"

"Naenda kukaa. Mkwe wangu amepata kazi ya zamu, wajukuu hawana mtu. Ningekwambia mapema, lakini kila nikifungua mdomo nauona uso wako, naufunga tena."

Mume wangu, Sabin, alikuwa kiti cha nyuma, amejifunika blanketi, uso mweupe kama chokaa. Ndivyo anavyokuwa kila akitoka mjini. Figo zake zilikufa zote mbili, na mara tatu kwa wiki lazima damu yake isafishwe kwa mashine hospitalini, ng'ambo ya mlima Runcu. Akikosa zamu moja miguu huvimba, na usiku hulala ameketi ili apate kupumua. Nilimuuliza daktari, akikosa mbili je? Aliniuliza kama nina mtu wa uhakika wa kutuendesha.

Nilikuwa naye, ndiye huyu jirani yetu. Hakudai kitu zaidi ya mafuta na chupa ya pombe ya plamu wakati wa Pasaka.

"Usimkodolee macho hivyo, Saveta," Sabin alisema kutoka kwenye blanketi. "Mtu akienda kulea wajukuu hajatenda dhambi."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema. Hata kuku wamesikia."

Basi huvuka Runcu asubuhi na kurudi kesho yake. Gari la wagonjwa ni la wale wanaokufa leo. Wanaokufa wiki ijayo hujitafutia usafiri. Binti yetu Ilinca yuko Uhispania, anachuma stroberi za watu. Nilibaki mimi. Leseni nilikuwa nayo. Niliipata kiangazi cha mwaka huohuo, baada ya masomo ya jioni katika ukumbi wa kijiji, nimekaa kati ya wasichana walioniita bibi. Nilisoma kwa bidii, nikafaulu, nikamshukuru Mungu, nikaiweka ile leseni nyuma ya picha ya Mama wa Mungu. Tangu siku hiyo nilikuwa nimeendesha gari la Haralambie mpaka kiwanda cha mbao na kurudi, yeye akiwa pembeni yangu ameshika breki ya mkono. Runcu nilikuwa naivuka kama abiria, nimefumba macho.

Gari letu wenyewe hatukuwa nalo, na la Haralambie lilikuwa limeshaahidiwa mtu mwingine. Pesa tuliyokuwa nayo ni ile ya mazishi.

Kwetu Rumania mtu akishaota mvi huanza kujiwekea mwenyewe. Kabatini huwa kuna suti yake ya kulazwa nayo, taulo za kuwagawia watakaobeba jeneza, mishumaa, na chini ya vyote bahasha ya pesa. Hata mlevi wa kijiji anayo ya kwake. Ile bahasha haiguswi kwa njaa wala kwa paa linalovuja. Sabin ndiye aliyefungua kabati jioni ile, akaitoa yake na yangu, akaziweka mezani kando ya ugali na jibini.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini hapana? Mtanizika ndani ya hilohilo gari. Kaburi lichimbwe pana kidogo, basi."

"Usifanye mzaha na mambo hayo, baba Ilinca."

"Nifanye mzaha na mambo gani? Mengine yote yameshanikataza daktari."

Nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikalia, kwa sababu nilielewa maana yake. Nikichagua gari bovu, nitakuwa nimetumia kaburi la mume wangu kununua kifo chake.

*

Kabla ya kuondoka, Haralambie alinipeleka kuona gari moja kitongoji cha bondeni. Lilikuwa Logan ya zamani, ya Bi Anghelina, mjane wa mfuga nyuki. Gari lilikuwa jeupe, lakini mlango mmoja ulikuwa wa bluu, umetolewa kwenye gari jingine. Ndani kulinuka moshi na nta. Nilipofunga mlango, ulilia kama kifuniko cha sufuria.

"Usinunue rangi, shemeji," Haralambie alisema akiwa amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. "Nunua chuma cha chini, breki na injini. Na nunua kitu ambacho fundi yeyote wa kijijini anaweza kukifungua kwa spana mbili na matusi matatu."

Nilimsikia, lakini nilikuwa nautazama ule mlango, bati jembamba namna ile, na kichwani nikaona malori ya magogo yanavyoshuka Runcu, yamejaza barabara nzima. Nikamwona Sabin amekaa nyuma ya lile bati. Nikasema nitafikiria.

Nililokuwa nalifikiria tayari lilikuwa jingine: gari dogo jekundu katika uwanja wa magari yaliyotumika, njia ya kwenda kiwanda cha mbao. Bei yake ilikaribiana kabisa na ile ya Bi Anghelina. Lilitoka Ujerumani, likang'aa kama tofaa lililopanguswa. Muuzaji, kijana mnene aitwaye Relu, aliniambia lina mifuko ya hewa mbele na pembeni, ambayo hujaa ghafla gari likigongwa, na mtu akaangukia kama kwenye mto. Nilitaka sana huo mto. Mwoga hanunui gari; hununua chochote kitakachomwambia asiogope.

Na juu ya dashibodi palikuwa na picha ya Mtakatifu Nikolai, imebandikwa vizuri. Hiyo nayo ilinivuta.

*

Haralambie aliondoka Jumamosi alfajiri. Mchana wa siku hiyohiyo Relu alitupitia nyumbani na lile gari jekundu ili tulijaribu. Jumatatu Sabin alitakiwa hospitali. Nilimwomba Relu tufike juu ya Runcu, maana ndiko nitakakoendesha.

"Twendeni, mama yangu," akasema. "Naanza mimi, upate kusikia injini. Injini hii ukiwasha unafikiri umezima."

Sabin alikaa nyuma, mimi mbele kulia, maana kwetu dereva hukaa kushoto na magari hupita kulia. Kabla ya kuondoka Relu alibusu kidole chake, akaigusa picha ya mtakatifu. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa Mungu.

Alikuwa mwendeshaji mzuri. Aliongea njia nzima: gari lilikuwa la daktari mstaafu wa Ujerumani, mzee asiyevuta sigara, aliyeenda nalo dukani na kanisani tu.

"Wajerumani wana wazee wengi sana wa namna hiyo," Sabin alisema. "Kila gari linalofika Rumania lilikuwa la mzee aliyeenda kanisani."

"Baba, wewe unanitania."

"Sikutanii. Nashangaa tu makanisa yao yanatosha vipi."

Relu akacheka kwa sauti kubwa. Tukafika Sohodol, pale kanisa lilipo kwenye ukingo kabisa wa barabara, ukuta wake umechubuliwa na malori. Mimi na Sabin tukapiga ishara ya msalaba mara tatu, Kiorthodoksi, bega la kulia kwanza, kama kila mtu anayepita pale. Dereva wa basi hufanya hivyo. Madereva wa magogo hufanya hivyo, na sigara mkononi. Relu hakufanya. Mikono yake yote miwili ilibaki kwenye usukani, imeukaza kama mtu aliyemshika ndama anayetaka kukimbilia titi. Tulipolipita kanisa ndipo akavuta pumzi.

Nikajiambia labda ni wa dhehebu jingine. Lakini yule Nikolai pale mbele? Nikajiambia labda amesahau. Mtu hasahau kanisa la Sohodol; linakuja usoni kama jirani mdadisi. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka gari lile liwe zuri. Nilikuwa nalihitaji liwe zuri kabla ya Jumatatu.

Juu ya mlima, penye uwazi, akageuza gari akanipisha.

"Shika kwa mikono miwili, mama. Barabara ina utelezi."

Barabara ilikuwa kavu. Nikashika kwa mikono miwili.

Sijui nieleze vipi kushuka Runcu kwa anayeshuka mara ya kwanza akiwa dereva. Upande mmoja ni mwamba unaotokwa na maji, upande wa pili ni hewa tupu, na chini ya hewa, misonobari midogo kama miswaki. Kila baada ya kona kuna msalaba wa mbao wenye jina la mtu na maua ya plastiki. Majina mengine nayajua. Mmoja tulisoma naye. Nilianza kusali kimya, "Bwana, unihurumie", na nikagundua kwamba sisali, ila narudia tu maneno kama anayetetemeka meno.

Usukani ulikuwa mzito mkononi. Ulikuwa unataka kushoto, kidogo lakini bila kuchoka, kama mtoto anayekuvuta sketi sokoni. Nikafikiri ni mimi. Mwanafunzi hajui lipi ni la gari na lipi ni lake. Kila kosa hujitwalia.

"Unakwenda vizuri sana, mama," Relu alisema. "Mikono miwili tu. Mikono miwili."

"Mbona unamwimbia wimbo mmoja?" Sabin aliuliza kutoka nyuma.

Kona ikaisha, na mnara wa Sohodol ukatokea kati ya miti. Sikufikiri. Toka nikiwa mtoto mgongoni mwa bibi yangu mkono wangu unajua mahali pale. Mkono wa kulia ulitoka kwenye usukani, ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani. Bega la kulia haukufika.

Gari lilirukia kushoto kana kwamba kuna mtu aliyelivuta kwa kamba. Mkono wangu wa kushoto pekee haukuweza kulizuia. Mbele yangu, katika upande usio wangu, palikuwa na lori la magogo linapanda, taa zake zinawaka mchana, na honi yake ilinijaa masikioni, mdomoni, kila mahali. Niliona maganda ya magogo. Niliona dereva amesimama nusu kwenye kiti chake. Nikasikia sauti inasema "Sabin", na ilikuwa yangu.

Relu alijirusha juu yangu, akaudaka usukani, akauvuta kwa uzito wake wote. Kitu kikakwaruza. Lori likapita upande wangu, kioo changu cha pembeni kikaondoka nalo, na sisi tukasimama kwenye majani, pua ya gari ikiwa hatua chache kutoka geti la kanisa.

Injini kweli ulikuwa huwezi kujua kama imezima.

"Saveta," Sabin aliita polepole. "Uko hai?"

"Sijui."

"Mimi nipo. Nimepotelewa na kofia tu."

Ndipo Relu alipolipuka. "Mama! Nani anaachia usukani mlimani? Nani? Umeniulia kioo changu!"

"Nilikuwa napiga ishara ya msalaba."

"Ishara! Mungu anakuona hata ukitikisa kichwa tu!"

"Wewe hata kichwa hukutikisa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, haikuwa ya kushindana na mtu. "Tulipopita mara ya kwanza. Mbona?"

"Nilikuwa naendesha."

"Barabara hii imejaa watu wanaoendesha," Sabin alisema. "Hata wezi wa mbao hapa hupiga ishara. Kijana, gari hili linavuta."

"Ni upepo wa tairi tu, baba. Tairi moja imepungua. Naijaza leo, kesho unaendesha kwa kidole."

"Vizuri. Ijaze, halafu uvuke Runcu wewe, mikono ukiwa umekunja kifuani. Mimi nitakaa kwenye benchi la kanisa nikutazame."

Relu akapangusa uso kwa mkono wa jaketi. Nilimwona ni kijana, ana umri wa Ilinca wangu. Nikamuuliza taratibu, "Liligongwa wapi, mwanangu?"

"Hukohuko Ujerumani. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Liliungwa na fundi mzuri, mama. Mzuri sana. Watu wanaendesha hivyo miaka." Kisha akainama karibu yangu. "Sikiliza. Kuna mtu anatoka Turda kulichukua leo. Lakini kwa sababu ya mzee, nakupunguzia. Chukua kwa robo tatu ya bei. Pesa kidogo ya bahasha unabaki nayo."

Bei iliposhuka ndipo hofu yangu ilipopanda. Lakini ilikuwa hofu ya pande mbili, na hili nataka lieleweke. Nikikataa, Jumatatu hakuna gari. Nikikubali, lipo gari, na pengine nitalizoea, pengine mikono miwili inatosha, pengine nisiwe napiga ishara tena pale Sohodol, Mungu atanielewa. Niliwaza yote hayo. Niliangalia kwenye kioo cha ndani nikamwona Sabin. Alikuwa ameokota kofia yake ameishika magotini, na hakuwa ananishauri chochote. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimeanza kujaa juu ya soksi.

"Hapana," nikasema.

"Mama, fikiria—"

"Nimefikiria. Hapana. Nisaidie kumshusha mzee."

Alimsaidia, nitasema ukweli; alimshika vizuri, hata akamfunga kitambaa shingoni. Kisha akaingia kwenye gari lake akaondoka kuelekea bondeni, mikono miwili kwenye usukani.

*

Tulikaa kwenye benchi la ukuta wa kanisa. Kanisa lilikuwa limefungwa. Nilitaka kusali, nikashindwa.

"Umesema nini?" Sabin aliuliza.

"Nimesema 'Bwana', nikakwama hapo."

"Inatosha. Anajua tunakaa wapi."

"Sabin, mimi ningetuua."

"Ungetuua. Lakini angalau tungefika kanisani bila gharama ya jeneza kubebwa."

"Nyamaza, nakuomba."

Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi, na kwenye kiwiko ile mishipa waliyomuunganishia kwa ajili ya mashine ilikuwa inanguruma chini ya ngozi kama paka. Huwa nausikiliza mngurumo ule usiku ili nijue bado yupo. Nikausikiliza pale.

Gari la maziwa ndilo lililotuchukua. Nilimwomba dereva asitupeleke nyumbani, atushushe bondeni kwa mjane wa mfuga nyuki. Njia nzima nilikuwa naogopa kwamba ile Logan imeshauzwa. Nilikuwa nimeidharau mbele ya mwenyewe, nikafunga mlango wake kwa vidole viwili, na sasa sikuwa na kingine chochote duniani.

Ilikuwapo uani, imefunikwa nailoni.

"Mmerudi!" Bi Anghelina alisema. Ni mwanamke mfupi, ana sauti kama ya mwenye kuita ng'ombe. "Nilidhani mlango wa bluu umewafukuza. Jana alikuja mmoja anaitaka kwa ajili ya vipuri. Nikamwambia, ng'ombe wangu bado anatoa maziwa, wewe unakuja na kisu?"

"Bi Anghelina," nikasema, "lina ubaya gani? Niambie yote. Ninavyoogopa, hata ukinidanganya nitakuamini."

Alinitazama, akamtazama Sabin aliyekuwa ameegemea lango, akaacha kupiga kelele.

"Hita inapasha miguu ya dereva tu, abiria avae soksi. Mlango wa bluu hufunguliwa kutoka nje, ukiwa ndani unasubiri kama malkia. Kioo cha nyuma hakishuki. Na linakunywa oili, kila likienda mjini lipe kidogo. Marehemu wangu alikuwa hivyohivyo na kinywaji, lakini alifika kila alikokwenda."

"Lilishagongwa?"

"Na dume la kondoo. Ndiyo maana mlango ni wa bluu."

Tukaliwasha. Lilikohoa, likatoa moshi, likatulia. Niliendesha yeye akiwa pembeni yangu, nikapanda kilima cha malisho, nikasimama katikati ya mteremko, nikaondoka tena bila kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa, mpaka Bi Anghelina akashika dashibodi akauliza nimekosana naye nini. Kisha nikashuka kwenye barabara iliyonyooka, ipitayo kanisa la bondeni.

Hapo nilipata shida ya moyo. Imeandikwa tusimjaribu Bwana Mungu wetu. Je, nikipiga ishara ya msalaba ili nione usukani utafanya nini, nasali au napima matairi? Nilikuwa naendesha polepole huku nabishana na nafsi yangu, na kanisa linakaribia. Mwishowe nikamwambia Mungu ukweli: Bwana, sina wakati wa kutenganisha. Pokea vyote viwili.

Nikauachia usukani kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto. Paji la uso, kifua, bega la kulia, bega la kushoto. Gari lilienda mbele, limenyooka, kama punda anayejua kwao.

Bi Anghelina alikuwa amepiga ishara pia. "Na sasa," akasema, "shika usukani, binti yangu. Kanisa limeshapita, na ukuta ule ni wa padri."

Nililia mpaka sikuona barabara, ikabidi nisimame. Bi Anghelina alitoa kitambaa chenye harufu ya nta akanipa. Jikoni kwake, mambo ya malipo yalipokwisha, alimimina tone la pombe sakafuni kwa ajili ya marehemu, akatuwekea uji mzito na asali. Sabin hakuruhusiwa pombe, lakini aliinusa glasi yangu kwa muda mrefu.

*

Jumatatu theluji ya kwanza ilianguka.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliwasha gari, likakataa. Nikasubiri, nikaliomba kwa jina la Baba, likakataa tena. Sabin alikuwa amekaa nyuma na blanketi lake na soksi mbili mbili, miguu imevimba, hasemi mzaha wowote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Mara ya tatu injini ilishika.

Runcu ilikuwa ndani ya ukungu. Niliona barabara urefu wa chumba kimoja mbele yangu, basi. Chumba kikiisha, kinafunguka kingine. Nilipanda kwa gia ya pili. Nyuma yangu mtu alipiga honi, kisha akanipita kwa hasira, taa zake nyekundu zikapotea, nikabaki na vyumba vyangu. Misalaba ya kando ilitokea mmoja mmoja, imevaa kofia za theluji. Nilijikuta nawasalimia waliomo kwa majina. Sikuwa jasiri hata kwa dakika moja. Watu huniambia sasa kwamba hofu huisha ukishaanza, kwangu haikuisha. Ilikaa mbele kulia, ikafunga mkanda, tukaenda nayo.

Mteremkoni gari liliteleza mara moja. Nikaachia mafuta, sikukanyaga breki, kama walivyotufundisha jioni zile ukumbini, likajirudi lenyewe. Nyuma nikasikia Sabin anavuta pumzi fupi fupi.

"Sabin?"

"Endesha."

"Niambie kitu."

"Nakuambia endesha, mwanamke. Ukifika nitakusifu."

Tulifika tumechelewa. Nilizunguka nikamfungulia ule mlango wa bluu, na muuguzi alikuwa ameshatoka nje na kiti cha magurudumu. Hakunigombeza. Alimtazama Sabin midomo, akakimbia naye ndani. Nikamfuata mpaka mlangoni wasiporuhusu viatu. Niliwaona wakimlaza, niliona mrija unabadilika rangi, mwekundu unakwenda, mwekundu unarudi, na mashine ikaanza kuzunguka. Baadaye kidogo aligeuza kichwa kwenye mto, akanitafuta, akainua kidole gumba.

Nikarudi kwenye gari. Nilijaribu kuutoa ufunguo, vidole vikakataa kunyooka. Vilikuwa bado vimejikunja kwa umbo la usukani. Nikavipulizia kimoja kimoja. Sasa maneno yalikuja, nikasali vizuri, kwa ajili ya Haralambie aliye safarini, kwa ajili ya Relu, na kwa ajili ya yule mtu wa Turda, kama alikuwapo kweli, Mungu amzuie.

Nje theluji ilikuwa inazidi, na mlima huko juu hauonekani. Damu ingechukua mchana mzima kusafishwa, na baada ya hapo ni kurudi, na keshokutwa tena. Nilikuwa bado naogopa. Nikashuka, nikatafuta ufagio kwa mlinzi wa hospitali, nikaanza kuondoa theluji kwenye kioo cha mbele. Nilipomaliza nikaenda cha nyuma.